NYUMBA NZURI ISIYO GHALI HUANZA NA KIWANJA

Katika Wilaya ya Kasese, tangu Hima upande wa kaskazini mpaka Bwera na Mpondwe penye mpaka wa Kongo, kijana akioa, au akipata kazi ya mshahara, au akiuza kahawa yake vizuri, wazo lake la kwanza ni kujenga nyumba. Wazo hilo ni jema. Lakini yasikilize maswali anayouliza. Kwanza, "Mabati ni bei gani?" Pili, "Matofali elfu moja ni bei gani?" Tatu, "Fundi atataka kiasi gani?" Ni wachache wanaouliza, "Je, mahali hapa panafaa kujengwa?"

Makala haya yataka kueleza kwa nini swali hilo la mwisho lapaswa kuulizwa kwanza. Nyumba iliyojengwa kwa fedha kidogo mahali pabaya si nyumba rahisi. Ndiyo ghali kuliko zote, maana mwenyewe hulazimika kuijenga mara mbili, na pengine hapati nafasi ya kuijenga mara ya pili.

NCHI YENYEWE ILIVYO

Yafaa kwanza tuitazame nchi. Upande wa magharibi imesimama milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake kirefu, Margherita, chafika mita 5,109. Kutoka mlimani hushuka mito mingi: Mubuku, Sebwe, Nyamwamba, Nyamugasani, Lhubiriha na mingineyo. Mito hiyo hushuka kwa kasi katika mabonde membamba, kisha hutokea ghafula katika nchi tambarare. Hapo maji hupunguza mwendo wake, na mawe na mchanga uliobebwa kutoka juu huachwa chini.

Nchi tambarare ni pana, lakini si yote ya kujengwa. Mwaka 1952 sehemu kubwa yake ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama, ile ambayo mwaka 1954 ilipewa jina la Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Huko juu nako, mwaka 1991, Serikali ilitenga Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori. Hifadhi hizi zina faida kubwa, maana msitu wa mlimani ndio unaoshika maji na udongo. Lakini watu wamebaki katikati, hifadhi juu yao na hifadhi chini yao.

Nao watu huongezeka. Hesabu ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba wilaya ilikuwa na watu kama 523,000. Ile ya mwaka 2014 ilionyesha karibu 700,000. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Baba aliyekuwa na shamba moja amewagawia wana wanne, na kila mwana naye atawagawia wanawe. Hivyo wengine wamepanda kwenye miteremko mikali, na wengine wameshuka mpaka ukingoni mwa mito. Tusiseme kwamba wamekwenda huko kwa ujinga. Wamekwenda kwa sababu huko ndiko kulikobaki ardhi ya bei ndogo.

FUNZO LA KILEMBE

Mahali pazuri pa kujifunza jambo hili ni Kilembe, katika bonde la mto Nyamwamba, karibu na mji wa Kasese. Kampuni ya Kilembe Mines iliundwa mwaka 1950 ili kuchimba shaba. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, na shaba ikaanza kupelekwa Jinja kuyeyushwa. Kampuni ilijenga nyumba nyingi za wafanyakazi humo bondeni, pamoja na hospitali. Uchimbaji ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini watu waliendelea kukaa katika nyumba zile, kwani zilikuwa nyumba za maana.

Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika. Maji yalishuka pamoja na mawe makubwa na magogo, yakabomoa nyumba na madaraja, na watu wakafa. Mwezi wa Mei 2020 mto ulifurika tena, pamoja na mito mingine ya wilaya, na safari hiyo hospitali ya Kilembe iliharibika hata ikabidi ifungwe. Baadhi ya watu waliopoteza nyumba mwaka huo walipewa hifadhi katika kambi ya Muhokya, wakakaa humo miaka, si miezi.

Funzo lake ni hili. Nyumba zilizobomoka hazikuwa zote vibanda vibovu. Nyingi zilijengwa na mafundi hodari, kwa vifaa vizuri, tena katika safu zilizopimwa. Lakini ukuta wa saruji na ukuta wa fito huanguka sawasawa vikipigwa na jiwe kubwa linalosukumwa na maji. Fundi hawezi kusahihisha kosa la kiwanja.

MAADUI WATATU WA NYUMBA

Mjenzi wa Kasese ana maadui watatu, na yafaa awajue kabla hajanunua hata msumari mmoja.

Adui wa kwanza ni mto. Kanuni za mazingira zilizotolewa Uganda mwaka 2000 ziliweka eneo la kulindwa kando ya mito: mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa katika kanuni hizo, na mita 30 kwa mito mingine. Watu wengi hudhani kwamba kanuni hiyo iliwekwa ili kuulinda mto tu. Lakini pia humlinda mtu na mto. Na hata mahali ambapo hakuna afisa wa kupima, mto huacha alama zake. Ukichimba kidogo ukakuta mawe ya mviringo, laini kama mayai, ujue maji yalipita hapo zamani, maana mawe hulainishwa kwa kuviringishwa majini. Ukiona mfereji mkavu wenye mchanga safi, ujue ni njia ya maji inayongoja mvua kubwa. Na wazee wakisema, "Mto ulifika mpaka kwenye mti ule," usicheke. Huo ni upimaji wa miaka mingi.

Adui wa pili ni mteremko. Mwezi wa Septemba 2022 kilima kiliporomoka katika kijiji cha Kasika, gombolola ya Rukoki, kikafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 10, wengi wao wanawake na watoto. Maporomoko hutokea hivi: mvua ndefu huloweka udongo mpaka ukawa mzito, na maji yakifika kwenye mwamba ulio chini yake, udongo hupoteza mshiko na kuteleza. Mjenzi naye huongeza hatari anapokata kilima ili apate mahali pa sawa, kwani huondoa udongo uliokuwa ukiushikilia udongo wa juu. Dalili za kuogopwa ni hizi: nyufa ndefu ardhini juu ya nyumba, miti iliyoinamia chini, na chemchemi mpya inayotoka mahali palipokuwa pakavu.

Adui wa tatu ni tetemeko la ardhi. Rwenzori imesimama katika Bonde la Ufa, ambapo ardhi hujongea polepole, na mara kwa mara hutetemeka. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko kubwa liliipiga nchi ya Toro, hasa pande za Bwamba, likabomoa nyumba kwa maelfu na kuua watu zaidi ya 100. Tarehe 5 Februari 1994 tetemeko jingine, lenye nguvu ya 6.2, lilitokea karibu na Kisomoro, kaskazini mwa Kasese. Adui huyu hatuwezi kumkimbia kwa kuchagua kiwanja peke yake. Huyu hushindwa kwa ujenzi wenye akili, kama tutakavyoona.

KUPIMA KIWANJA

Basi mtu afanye nini? Hapa pana mambo matano ambayo hayahitaji fedha nyingi.

1. Kitembelee kiwanja wakati wa mvua kubwa, si wakati wa kiangazi. Tazama maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

2. Waulize majirani wazee na mwenyekiti wa kijiji juu ya mafuriko na maporomoko ya zamani.

3. Kama ni lazima kukata mteremko, ukate kidogo, wala usiisogeze nyumba karibu na ukingo uliokatwa. Ukingo wenye kimo cha mita 2 uwe mbali na ukuta kwa mita 2 au zaidi. Nyuma ya nyumba chimba mtaro wa kupeleka maji pembeni, na juu yake panda majani na miti yenye mizizi ya kushika udongo.

4. Fikiri mahali pa choo kabla ya mahali pa sebule. Choo kiwe chini ya kisima, si juu yake, tena mbali nacho.

5. Hakikisha ardhi ni yako. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 humruhusu mwenye ardhi ya kimila kupata cheti cha umiliki wa kimila, na watu wa Kasese wamo miongoni mwa waliokwisha kupata vyeti hivyo. Sheria ya Uganda pia humkataza mtu kuuza ardhi ambayo jamaa yake huishi juu yake bila ridhaa ya mume au mke wake. Anayenunua kiwanja kwa siri ya mke wa muuzaji hununua kesi.

UKUTA NA PAA

Kiwanja kikiwa salama, sasa twaweza kuzungumza juu ya bei.

Watu wengi hufikiri kwamba nyumba ya kisasa ni lazima iwe ya matofali ya kuchoma. Matofali hayo ni mazuri yakichomwa vizuri, lakini tanuri moja hula kuni nyingi, na kuni ni miti. Tukikata miti ya kilimani ili tuchome matofali, twajenga ukuta bondeni na kumwita adui wa pili aje aubomoe.

Iko njia nyingine, nayo ni tofali la udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa katika mashine ya mkono. Tofali hili halichomwi. Hufunikwa na kumwagiwa maji kwa siku nyingi mpaka likomae. Mengine hutengenezwa kwa umbo la kushikana, hili likiingia katika lile, hata chokaa au saruji ya kuyaunganisha huwa kidogo. Hapa Uganda, mhandisi Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere aliendeleza matofali ya namna hiyo yaliyopinda, ambayo hufaa kujengea matangi ya maji. Sisi wa Kasese tunayo bahati nyingine: saruji hutengenezwa hapa hapa wilayani, katika kiwanda cha Hima.

Si kila udongo wafaa. Upime hivi: tia udongo katika chupa ya kioo mpaka nusu, jaza maji, tikisa sana, kisha iache itulie mpaka kesho yake. Mchanga utakuwa chini, kisha udongo laini, na mfinyanzi juu kabisa. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka. Ukikosekana, tofali litamomonyoka. Udongo mweusi wa juu wenye majani yaliyooza usiutumie kabisa.

Nyumba ya miti na udongo nayo tusiidharau. Ikikandikwa vizuri, ikawa na msingi wa mawe ulioinuka juu ya ardhi na paa lililotokeza nje ili mvua isiguse ukuta, huishi miaka mingi. Tena katika tetemeko, miti iliyofungwa pamoja huinama na kurudi, lakini ukuta mzito wa mawe au tofali bichi usiofungwa hupasuka na kuanguka juu ya watu.

Kwa hiyo anayejenga kwa matofali ayakumbuke haya. Pembe za nyumba zifungwe vizuri. Milango na madirisha yasiwe karibu mno na pembe. Juu ya madirisha pawe na mkanda wa zege na nondo, ambao mafundi huuita linta, nao uzunguke nyumba nzima kama mshipi kiunoni, usiishie juu ya mlango tu. Paa liwe jepesi, tena lifungwe imara kwenye ukuta. Mtu akinunua mabati, ajue kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa namba yake ni ndogo.

Hata umbo la nyumba lina bei yake. Tufanye hesabu. Nyumba ya mita 8 kwa 8 ina eneo la mita za mraba 64, na kuta zake za nje zina urefu wa mita 32. Nyumba ya mita 16 kwa 4 ina eneo lile lile la 64, lakini kuta zake zina mita 40. Mwenye nyumba ndefu amelipia robo moja zaidi ya ukuta, wala hakupata nafasi hata kidogo zaidi.

Paa nalo laweza kurudisha sehemu ya fedha yake. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya bati la mita za mraba 50, huleta lita 1,000 za maji, ukiacha kiasi kinachopotea. Mfereji wa bati na tangi ni mapumziko makubwa kwa mama na watoto wanaoteka maji mtoni.

FEDHA NA USHIRIKA

Ukipita njiani kutoka Kasese kwenda Bwera utaona misingi mikubwa iliyoota majani. Wenyewe walianza nyumba ya vyumba sita, fedha zikaisha, na jamaa bado wanapanga chumba kimoja mjini. Ingalikuwa heri kuchora nyumba nzima kwenye karatasi, kisha kujenga vyumba viwili tu na kuvimaliza pamoja na paa, milango na choo, na kuongeza vingine kila fedha zikipatikana. Vyumba viwili vilivyoezekwa vina faida kuliko vyumba sita visivyo na paa.

Kuweka akiba ni rahisi zaidi katika kundi. Huko Kyarumba kuna ushirika wa Bukonzo Joint, ambao umeunganisha kilimo cha kahawa na kuweka akiba. Wanachama wake wamejulikana kwa desturi ya kuchora mipango ya jamaa zao kwa picha, mume na mke wakiwa pamoja: leo tuko hapa, mwakani tuwe pale. Mtu asiyejua kusoma aweza kuchora nyumba, ng'ombe na shule, na kuona ni hatua gani zilizobaki.

Ushirika waweza pia kufanya kazi yenyewe. Huko Masese, pembeni mwa mji wa Jinja, mradi ulianza mwaka 1989 kwa msaada wa Denmark, ambapo wanawake walijifunza kutengeneza vifaa vya ujenzi na kujenga nyumba zao. Mashine moja ya kushindilia matofali ni ghali kwa mtu mmoja, lakini si ghali kwa jamaa ishirini wanaoitumia kwa zamu. Nasi tangu zamani tuna desturi ya kusaidiana kujenga na kulima. Yatupasa kuiendeleza tu.

KUPANGA KIJIJI KIZIMA

Mpaka hapa tumesema juu ya nyumba ya mtu mmoja. Lakini kuna mambo ambayo mtu mmoja hayawezi. Tazama Bwera na Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, na biashara ya mpakani huleta watu kila siku kutoka pande zote mbili. Kila mmoja ataka duka lake liwe kandokando ya barabara. Wa kwanza hujenga mbele, wa pili nyuma yake, wa tatu nyuma ya wa pili, na mwisho hakuna njia ya kupita gari la wagonjwa, wala mtaro wa maji, wala mahali pa kutupa takataka. Kuipata njia baadaye hapana budi nyumba zivunjwe, na kuvunja nyumba ni ghali kuliko kupiga kamba kabla ya kujenga.

Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2010 ilitangaza kwamba Uganda nzima, miji na vijiji, ni eneo la kupangwa, na ikaweka kamati za mipango mpaka ngazi za chini. Kamati kama hiyo ikifanya kazi yake vizuri yaweza kufanya mambo matatu: kuchora ramani ya mahali pa hatari na kuitundika gombololani ili kila mtu aione, kutenga njia na mitaro kabla viwanja havijauzwa, na kutafuta ardhi salama kwa ajili ya wale walio ukingoni mwa mto.

Hilo la tatu ndilo gumu, tena ndilo la haki. Kumwambia maskini, "Ondoka mtoni," bila kumwonyesha mahali pa kwenda, ni kumhamisha kutoka hatari moja kwenda nyingine. Wala haitoshi kumpa kiwanja kilicho mbali na shamba lake, soko na shule, kwani atarudi mtoni baada ya miezi michache. Kwa hiyo wenyeji lazima waulizwe kabla ramani haijakauka wino.

KAZI YETU SISI WANAFUNZI

Msomaji ataweza kusema, "Mimi ni mwanafunzi tu, sina kiwanja wala mabati." Ni kweli. Lakini mwanafunzi wa Jiografia aweza kuchora ramani ya kijiji chake na kuonyesha njia za zamani za maji. Mwanafunzi wa Hesabu aweza kumsaidia baba yake kuhesabu urefu wa kuta kabla matofali hayajanunuliwa. Mwanafunzi wa Sayansi aweza kupima udongo katika chupa. Na sote twaweza kuwauliza wazee, kabla hawajatutoka, maji yalifika wapi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa Kasese twaweza kuongeza kwamba usipokichunguza kiwanja utajenga nyumba mbili. Anayetaka nyumba nzuri isiyo ghali na aanze kwa kutembea juu ya ardhi yake siku ya mvua, kabla hajaingia dukani kuuliza bei ya bati.